Goethe Mbele ya Mahakama Mbili

Miongoni mwa watu wanaoishi kwa kalamu hakuna asemwaye vibaya kama mhakiki. Mtunzi humwona kuwa ni mtu aliyeshindwa kutunga, akaamua kuwahukumu waliofaulu. Msomaji humwona kuwa ni mjuaji anayetaka kumfundisha namna ya kufurahi. Na mwanasayansi, hata kama hukiri hadharani kwamba ukosoaji ni sehemu ya kazi yake, huumia moyoni vile vile aonapo jasho la miaka kumi likipanguliwa kwa barua ya ukurasa mmoja. Je, mhakiki wa shairi na mhakiki wa nadharia ya sayansi ni mtu yule yule aliyevaa nguo mbili? Au ni watu wawili ambao kazi zao hazifanani ila kwa jina?

Swali hili laweza kujadiliwa kwa maneno matupu hadi usiku wa manane bila ya kupata jibu. Afadhali tumtazame mtu mmoja aliyesimama mbele ya wahakiki wa aina zote mbili, tuone alivyotendewa na alivyotenda. Mtu huyo ni Johann Wolfgang von Goethe, ambaye dunia humjua kuwa ni malenga mkuu wa Wajerumani, lakini ambaye mwenyewe, katika uzee wake, aliithamini kazi yake ya sayansi ya rangi kuliko mashairi yake yote.

KIJANA WA FRANKFURT

Goethe alizaliwa tarehe 28 Agosti, 1749, katika mji wa Frankfurt, ukingoni mwa mto Main. Wakati huo Ujerumani haikuwa nchi moja, bali mkusanyiko wa tawala nyingi, kubwa kwa ndogo. Baba yake alikuwa mwanasheria mwenye mali na maktaba nzuri, na nyumba yao haikupungukiwa kitu. Kijana alipelekwa kusoma sheria Leipzig mwaka 1765, akarudi nyumbani mgonjwa mwaka 1768, kisha akamaliza masomo yake Strasbourg mwaka 1771. Sheria hakuipenda sana. Alichopenda ni kutunga, kuchora na kuchunguza vitu vya maumbile.

Mwaka 1774, akiwa bado hajatimiza miaka 25, aliandika kwa majuma machache riwaya fupi juu ya kijana aitwaye Werther, aliyempenda mwanamke aliyekwisha kuposwa na mtu mwingine, na ambaye mwishowe alijiua kwa bastola. Kitabu kile kilienea Ulaya kama moto wa nyikani. Vijana walivaa koti la bluu na kizibao cha manjano kama Werther. Waliokisoma walilia, na wengi walikisoma tena na tena.

Wahakiki nao hawakukawia. Kasisi mmoja mashuhuri wa Hamburg, Johann Melchior Goeze, alikishutumu kuwa kinawafundisha vijana kujiua. Baraza la mji wa Leipzig lilipiga marufuku kuuzwa kwake mwaka 1775, na hata mavazi ya Werther yakakatazwa. Katika mji wa Berlin, Friedrich Nicolai, mhariri na muuza vitabu mwenye sauti kubwa, alitoa kitabu cha dhihaka ambamo bastola ya Werther imejazwa damu ya kuku, kijana hafi, anaoa, na maisha yanaendelea. Goethe alikasirika akamjibu kwa beti za matusi. Kabla ya hapo alikwisha kutunga utenzi mfupi ambamo mhakiki anafananishwa na mgeni aliyekula akashiba, kisha akaenda kwa jirani kukisema vibaya chakula.

Sasa tujiulize: je, Nicolai alikosea? Hakuna awezaye kuthibitisha. Alikipima kitabu kwa mizani ya akili timamu na manufaa ya jamii, na kwa mizani ile kitabu kilionekana chepesi. Wasomaji walikipima kwa mizani nyingine, wakakiona kizito. Hapakuwa na mizani ya tatu ambayo wote wawili wangeikubali. Kilichoamua ni miaka. Kitabu cha Werther kinasomwa hata leo, na dhihaka ya Nicolai inakumbukwa kwa sababu tu ilimdhihaki Werther.

WAZIRI, NJIA NA ASKARI

Mwezi Novemba, 1775, Goethe alifika Weimar kwa mwaliko wa mtawala kijana, Karl August, aliyekuwa na umri wa miaka 18 tu. Watu walidhani atakaa kwa majuma machache. Alikaa mpaka kufa kwake. Alifanywa diwani wa serikali mwaka 1776, na mwaka 1782 akapewa daraja la ukabaila. Mtawala alimkabidhi mambo ya machimbo, ya barabara, na mwaka 1779 mambo ya jeshi. Jeshi la Weimar lilikuwa dogo, la askari wa miguu mia chache, nalo lilikuwa likila fedha za serikali kupita kiasi. Goethe alilipunguza kwa takriban nusu, jambo ambalo ni mawaziri wachache wa vita duniani walioweza kujivunia. Mwanzoni mwa mwaka ule alizunguka vijijini kuwachagua askari wapya, mchana akiwapima vijana urefu, na usiku akiitunga tamthilia yake ya Iphigenie.

Kazi hizi za serikali ndizo zilizomwingiza katika sayansi. Machimbo ya Ilmenau yalimlazimu kuyajua mawe. Bustani na misitu ya mtawala zilimlazimu kuijua mimea. Katika mji jirani wa Jena palikuwa na chuo kikuu, na huko alijifunza muundo wa mwili kwa Profesa Justus Christian Loder, akishika kisu kwa mkono wake mwenyewe.

MFUPA ULIOKANWA

Wataalamu wa zama zile waliamini kwamba kuna mfupa mmoja mdogo wa taya la juu, ule ushikao meno ya mbele, ambao wanyama wote wa jamii ya nyani wanao lakini binadamu hana. Kukosekana kwake kulihesabiwa kuwa alama ya kumtenga mtu na mnyama. Goethe hakuridhika. Aliona kwamba maumbile hayafanyi kazi kwa kurukaruka. Kwa hiyo alikusanya mafuvu ya kila namna. Aliazima hata fuvu la tembo, akalificha katika chumba cha ndani kabisa ili watu wasidhani kwamba amerukwa na akili. Mwenye nyumba alidhani sandukuni mna vyombo vya kauri.

Tarehe 27 Machi, 1784, akiwa Jena pamoja na Loder, aliona katika fuvu la mtu alama za maungio ya mfupa ule. Upo, ila kwa binadamu huungana mapema na taya hata usionekane kwa urahisi. Alifurahi kama mtoto. Aliandika maelezo pamoja na michoro, akayapeleka kwa wataalamu wakubwa wa siku zile. Petrus Camper wa Uholanzi, aliyeheshimiwa Ulaya nzima, alisifu michoro, akakubali yale yaliyohusu wanyama, lakini akakataa kata kata kwamba binadamu ana mfupa huo. Blumenbach wa Göttingen naye alikataa.

Hapa wahakiki walikosea, na walikuwa wahakiki wakubwa kabisa. Lakini tazama tofauti yake na kisa cha Nicolai. Camper alifariki mwaka 1789 bila ya kushawishika. Hata hivyo kukataa kwake hakukuweza kuufuta mfupa. Yeyote mwenye fuvu la mtoto mchanga na macho mazuri aliweza kwenda kutazama. Blumenbach alikuja kubadili msimamo wake. Ikajulikana pia kwamba Mfaransa, Félix Vicq d'Azyr, alikuwa ameuona mfupa ule ule kabla kidogo, bila ya kusikia habari za Goethe. Watu wawili, nchi mbili, mfupa mmoja. Katika sanaa jambo hili halitokei: kama Goethe asingeandika Werther, hakuna Mfaransa ambaye angeiandika.

Katika sayansi, basi, mhakiki na mhakikiwa wote wawili husimama mbele ya hakimu wa tatu, ambaye si mmoja wao, na ambaye hapokei hongo ya cheo wala ya jina. Hakimu huyo ni kitu chenyewe.

MAJANI NA MAUA

Kutoka mwezi Septemba, 1786, hadi mwaka 1788, Goethe alisafiri katika Italia, akitazama majengo, sanamu na mimea. Aliporudi aliandika kitabu kidogo juu ya mabadiliko ya mimea, kikisema kwamba sehemu zote za ua ni namna mbalimbali za kiungo kimoja, ambacho kwa mfano wake wa wazi ni jani. Mpiga chapa wake wa kawaida alikikataa: malenga ana haja gani na botania? Kikachapishwa Gotha mwaka 1790 na mtu mwingine, na kwa miaka mingi kilipokewa kwa ubaridi.

Miaka 200 baadaye, katika mwaka 1991, wataalamu wa jeni waliokuwa wakichunguza mimea midogo ya maabara walionyesha kwamba kundi dogo la jeni ndilo liamualo kiungo cha ua kiwe petali au kiwe kitu kingine. Jeni hizo zikizimwa zote, mahali pa ua huota viungo vinavyofanana na majani. Wazo la malenga lilikuwa limesubiri chombo cha kulipima. Hili nalo ni somo: mhakiki wa sayansi anapokuwa hana bado chombo cha kupimia, hukumu yake hukaribia kuwa kama ya mhakiki wa sanaa. Huwa ni dhana juu ya dhana.

UKUTA MWEUPE

Sasa tumefika penye moyo wa kisa hiki. Goethe aliazima kutoka kwa msomi mmoja wa Jena, Büttner, vipande vya kioo vyenye pande tatu, viitwavyo prizimu, ili ayarudie majaribio ya Isaac Newton juu ya mwanga. Vioo vilikaa sandukuni muda mrefu. Büttner alipotuma mtu kuvidai, Goethe aliona aibu kuvirudisha bila ya hata kuvitazama. Akakitoa kimoja, akakiweka mbele ya jicho, akautazama ukuta mweupe wa chumba chake.

Alitazamia kuuona ukuta wote umegeuka upinde wa mvua. Ukuta ulibaki mweupe. Ni kwenye kingo tu, pale ambapo weupe ulikutana na kitu cheusi, ndipo rangi zilipotokea. Papo hapo, kama mtu aliyepigwa na radi, aliamini kwamba Newton alikosea, kwamba mwanga mweupe si mchanganyiko wa rangi, na kwamba rangi huzaliwa pale mwanga na giza vinapokutana.

Lakini kosa halikuwa la Newton. Kila nukta ya ukuta mweupe hutoa mwanga ambao prizimu huupinda na kuutawanya katika msururu wa rangi. Nukta iliyo jirani nayo hufanya hivyo hivyo, na rangi za nukta hii huangukia juu ya rangi za nukta ile, hata zote zikachanganyika tena kuwa nyeupe. Ni ukingoni tu ambapo rangi hukosa jirani wa kuzifunika, nazo huonekana. Alichokiona Goethe kwa macho yake kilikuwa kweli tupu; alichokihitimisha hakikuwa kweli. Newton alikwisha kuonyesha, katika taarifa yake ya mwaka 1672 na katika kitabu chake cha mwaka 1704, kwamba rangi moja ikitengwa na kupitishwa katika prizimu ya pili haitawanyiki tena, na kwamba rangi zote zikikusanywa huwa nyeupe.

Goethe alichapisha majaribio yake ya kwanza mwaka 1791 na 1792. Wataalamu wa fizikia hawakusisimka. Georg Christoph Lichtenberg wa Göttingen, aliyekuwa mtu wa heshima na mwenye akili kali, alimjibu kwa adabu na kumwonyesha mashaka yake. Goethe alitaka mfuasi, akapata mhakiki. Baada ya muda mfupi barua zikakatika.

CHINI YA MIZINGA

Mwaka 1792 Goethe alifuatana na Mtawala Karl August, aliyekuwa kamanda wa kikosi cha wapanda farasi wa Prussia, katika vita vya kuivamia Ufaransa ya mapinduzi. Karibu na Verdun aliona wanajeshi wakivua samaki katika dimbwi la maji maangavu. Vipande vya vyombo vilivyovunjika vilikuwa vikimeremeta chini ya maji kwa rangi za prizimu. Alisahau vita. Mji ulipokuwa ukipigwa mizinga usiku, yeye alitembea huku na huko akimweleza mtukufu mmoja nadharia yake ya rangi. Tarehe 20 Septemba, 1792, huko Valmy, aliendesha farasi wake peke yake hadi mahali risasi za mizinga zilipokuwa zikianguka, ili aijue homa ya vita kwa nafsi yake. Aliporudi alieleza kwamba macho yake hayakupoteza nguvu, bali dunia yote ilionekana kana kwamba imepakwa rangi ya hudhurungi iliyokoza wekundu.

Mtu wa namna hiyo si mtu wa kubezwa. Ujasiri wa kuchunguza hata chini ya moto wa adui ni sifa ambayo wengi waliovaa sare hawanayo. Lakini uchunguzi una sehemu mbili. Sisi tuliopitia shule ya kadeti tulifundishwa mapema kwamba ofisa aongozaye kikosi usiku kwa ramani na dira hana budi kumpa mwenzake dira ili aipime upya pembe ile ile. Mwenzake akisema umekosea, hakutukani. Anakiokoa kikosi kisitumbukie bwawani. Goethe alikuwa na ujasiri wa kwenda mbele peke yake. Hakuwa na ujasiri mdogo zaidi, ambao wakati mwingine ni mgumu zaidi, wa kuikabidhi dira.

RAFIKI ALIYEMKOSOA

Isidhaniwe kwamba alikuwa mtu asiyeweza kukosolewa katika jambo lolote. Mwezi Julai, 1794, alitoka pamoja na Friedrich Schiller katika mkutano wa chama cha wachunguzi wa maumbile huko Jena. Njiani Goethe alimweleza habari za mmea wake wa asili, akamchorea umbo lake. Schiller alitikisa kichwa, akamwambia kwamba kitu kile hakikuwa kitu alichokiona kwa macho, bali lilikuwa wazo. Goethe alichomwa na maneno yale. Hata hivyo kutokana na mchomo ule ulizaliwa urafiki mkubwa kuliko wote katika fasihi ya Kijerumani. Kwa miaka kumi na zaidi, mpaka Schiller alipofariki mwaka 1805, kila mmoja alisoma miswada ya mwenzake na kuikosoa bila ya kuficha. Schiller ndiye aliyemshikilia Goethe airudie tamthilia ya Faust aliyokuwa ameiacha. Sehemu yake ya kwanza ilitoka mwaka 1808.

Mwaka ule ule wa 1808, tarehe 2 Oktoba, Goethe aliitwa Erfurt mbele ya Napoleon, mfalme wa Wafaransa, ambaye alikuwa ameisoma Werther mara nyingi na kuichukua hata katika vita vya Misri. Napoleon aliisifu, kisha akamwonyesha mahali pamoja ambapo, kwa maoni yake, sababu za matendo hazikufuata maumbile. Malenga aliyemtukana Nicolai miaka 33 nyuma alitabasamu, akakubali kwamba mkosoaji amesema kweli. Hakupata kamwe kuwatajia watu mahali penyewe. Katika sanaa, basi, Goethe aliweza kusikia. Huenda ni kwa sababu alijua kwamba kitabu kimekwisha kushinda, na kwamba kasoro moja haiwezi kukiangusha. Riwaya yenye kasoro yaweza kuwa riwaya kuu. Nadharia ikivunjika nguzo, yote huanguka.

YEYE MWENYEWE KATIKA KITI CHA HAKIMU

Goethe aliongoza jumba la michezo la Weimar tangu mwaka 1791 hadi 1817, kwa hiyo naye alikuwa mhakiki, tena mhakiki mwenye mamlaka. Mwezi Machi, 1808, aliuweka jukwaani mchezo wa kuchekesha wa Heinrich von Kleist, kijana aliyewahi kuwa ofisa wa jeshi la Prussia. Kazi ya kitendo kimoja iligawanywa katika vitendo vitatu, ikapoa kama uji uliosahauliwa, na watazamaji wakaizomea. Kleist hakumsamehe. Alikufa mwaka 1811, akiwa na miaka 34, kwa mkono wake mwenyewe, na kwa sababu zilizokuwa nyingi kuliko jioni ile moja. Leo mchezo wake huo ni miongoni mwa ile inayochezwa mara nyingi katika nchi za Kijerumani.

Mwaka 1816 Goethe alipelekewa kutoka Vienna furushi la nyimbo ambamo kijana asiyejulikana, Franz Schubert, alikuwa ameyatia muziki mashairi ya Goethe mwenyewe. Furushi lilirudishwa bila ya neno. Inasimuliwa kwamba mwaka 1830 mwimbaji mmoja wa kike alimwimbia mzee huyo wimbo mmojawapo kati ya zile, naye akaguswa na kukiri uzuri wake. Schubert alikuwa amekwisha kufariki mwaka 1828, akiwa na miaka 31.

Haya ndiyo mazito ya uhakiki wa sanaa. Mhakiki wa sanaa hana prizimu wala fuvu la kulishika mkononi. Chombo chake cha kupimia ni nafsi yake: sikio lake, malezi yake, aliyoyasoma. Chombo hicho kikiwa kimepinda, hakuna mwingine pale chumbani wa kukirekebisha, na mtunzi aweza kufa kabla ya dunia kusahihisha hukumu. Ndiyo sababu mhakiki wa sanaa anapaswa kuwa mnyenyekevu kuliko mhakiki wa sayansi, wala si kinyume chake.

KITABU KIKUBWA CHA RANGI

Mwaka 1810 ulitoka mwishowe ule mtungo mkubwa wa rangi, kazi ya miaka karibu 20, wenye kurasa zaidi ya 1,000 pamoja na picha. Sehemu moja nzima ilikuwa ya kumshambulia Newton. Katika sehemu ile Goethe alifanya yale yale aliyoyachukia kwa wahakiki wake: alimshitaki marehemu kwa ujanja na ukaidi, badala ya kuyapima majaribio yake kwa utulivu. Wataalamu waliikataa nadharia. Thomas Young wa Uingereza, aliyekuwa mmoja wa wajuzi wakubwa wa mwanga, aliandika tahakiki kali mwaka 1814. Wanafalsafa kama Hegel walimtetea, lakini utetezi wa wanafalsafa haukupinda mwale hata mmoja.

Hata hivyo sayansi, inapohukumu, haichomi nyumba yote kwa sababu ya chumba kimoja kibovu. Goethe alikuwa amechunguza kwa uangalifu mkubwa mambo ambayo Newton hakuyashughulikia: rangi zibakizo machoni baada ya kutazama kitu chenye mwanga mkali, vivuli vyenye rangi wakati wa machweo, na jinsi rangi moja inavyoamsha nyingine jichoni. Wachunguzi wa jicho kama Jan Purkyně na Johannes Müller waliyachukua mambo hayo na kuyaendeleza. Na Hermann von Helmholtz, katika mhadhara wa mwaka 1853, alitenganisha ngano na makapi, akiisifu kazi ya mifupa na mimea na kuikataa vita dhidi ya Newton. Huo ndio uhakiki wa sayansi ulio bora: husema hapa umepata, na hapa umekosa, na kila mmoja aweza kwenda kuhakikisha.

Siku moja ya Februari, mwaka 1829, Johann Peter Eckermann, msaidizi wake mwaminifu aliyemheshimu kama baba, alimweleza kwa woga kwamba katika vivuli vya bluu juu ya theluji ameona jambo ambalo halipatani na maelezo ya kitabu. Eckermann hakuwa adui. Alikuwa ametazama kwa macho yake, kama alivyofundishwa na mzee mwenyewe. Uso wa Goethe ulikunjika. Alimfananisha kijana na wazushi walioiacha dini. Yeye aliyesikiliza kwa upole dosari za mashairi yake hakuweza kuvumilia dosari moja ya kivuli, na mtu wa mwisho ambaye angeweza kumsaidia kuisahihisha kazi yake akanyamazishwa.

MUSWADA ULIOTIWA LAKIRI

Katika mwaka 1831 Goethe aliimaliza sehemu ya pili ya Faust, kazi aliyoibeba kwa takriban miaka 60. Aliufunga muswada, akautia lakiri, akaamua usitolewe mpaka atakapokufa. Hakutaka kuzisikia hukumu za zama zile. Alifariki Weimar tarehe 22 Machi, 1832, akiwa na miaka 82, akazikwa karibu na Schiller. Kitabu kilitoka mwaka ule ule. Wengi wa wasomaji wa mwanzo hawakukielewa, na wengine walikicheka. Leo kimo miongoni mwa nguzo za fasihi ya dunia.

Mtunzi, basi, aweza kuufunga muswada wake kwa lakiri, akawaachia watu wasiozaliwa bado, na kazi isipungue kitu. Mwanasayansi hawezi. Kazi yake ikifichwa isifikiwe na wakosoaji hubaki nusu, kwa maana mkosoaji ndiye anayeikamilisha. Mhakiki wa sanaa ni mgeni mezani: aweza kuonja, kusifu, hata kununa, na chakula kikabaki kilivyo. Mhakiki wa sayansi ni mpishi wa pili, na sufuria haipaswi kuepuliwa kabla yeye hajaonja. Goethe, pamoja na akili yake yote, alimpokea mpishi huyo kana kwamba ni mgeni mwenye kununa. Hilo lilimgharimu kitabu alichokipenda kuliko vyote, na lilimgharimu Eckermann jioni moja ambayo hakuisahau.